Saa ya Kupima Mkono wa Baba Mdogo

Wasomaji wangu wa siku nyingi mmezoea kunisoma nikiandika juu ya bajeti, mikopo ya wanafunzi na namna watumishi wa umma wanavyohamishwa kwa barua ya mistari mitatu. Leo naomba radhi. Nitaandika juu ya mkono mmoja, tena wa kulia, wa mzee wa Sekenke ambaye ni mdogo wake marehemu baba yangu. Atakayeona kwamba hilo si jambo la siasa, asome kwanza, kisha tubishane.

Mkono huo ulianza kutetemeka miaka minne iliyopita. Ulianza kidole gumba kikisuguana na kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayeondoa kumvi kwenye punje ya mtama. Baba mdogo akiwa amekaa, mkono umetulia juu ya paja, ndipo ulipotetemeka zaidi. Akinyoosha kuchukua kikombe ulitulia kidogo, kisha ukaanza tena. Mzee huyu ni mzee wa kanisa na hajaonja pombe tangu alipobarikiwa, lakini kijijini mkono unaotetemeka una tafsiri moja kabla ya nyingine zote. Jumapili moja, akipitisha sahani ya sadaka, sarafu zikalia ndani yake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Vijana wa kwaya wakacheka. Tangu siku hiyo hakupitisha tena sahani, na kanisani alianza kukaa karibu na mlango, mkono akiwa ameukalia.

Kwa msiopajua, Sekenke iko wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, kwenye barabara iendayo Igunga, Nzega na Mwanza. Wasafiri wanaujua mlima wake tu: kona zile, malori yanayopanda kwa kuguna, na mbuga ya Wembere iliyotandazwa chini kama mkeka. Wasichokiona kupitia dirisha la basi ni dhahabu. Wajerumani walikuwa wanaichimba tayari mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, wakakosa fedha za kuendeshea koloni, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora na mwaka 1916 ikafanywa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli. Sarafu hiyo ina tembo, na nyuma ya tembo kuna mlima. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000, na leo wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani huzigombania minadani. Uzito wa kila moja unajulikana mpaka sehemu ndogo ya gramu. Kuhusu mikono ya watu walioichimba dhahabu hiyo, daftari lenye vipimo vyake sijawahi kuliona.

Baba mdogo ni wa zama za baadaye, zama za wachimbaji wadogo. Alishuka duarani akiwa kijana, akafunga matimba, akabeba viroba vya mawe, na mgongo ulipomgomea akageuka mchomaji. Nieleze kazi hiyo, kwa sababu wengi mnaovaa pete hamuijui. Mawe hupondwa yakawa unga, unga hupitishwa kwenye mwalo kwa maji, na mchanga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki. Zebaki huikamata dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwenye kitambaa mpaka ubaki mpira mdogo wa rangi ya fedha, kisha mpira huo huwekwa kwenye kijiko au karai juu ya mkaa. Zebaki hupanda hewani kama mvuke usioonekana vizuri, nayo dhahabu hubaki chini, ya manjano. Baba mdogo alifanya kazi hiyo nyuma ya jiko la nyumbani kwake kwa miaka isiyopungua kumi na mitano. Mama mdogo alikuwa hatua nane kutoka pale, akisonga ugali.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na kwangu hakukuwa na mchezo mzuri kama tone la zebaki kiganjani: unaligawa, linakuwa mawili, unayasukuma, yanarudi kuwa moja. Nimelichezea mara nyingi. Nilipoanza kusoma juu ya madini haya nikiwa mtu mzima, kitu cha kwanza nilichofanya ni kunyoosha vidole vyangu mbele ya taa na kuvitazama.

Basi, Desemba iliyopita nikaenda nyumbani kwa likizo nikiwa na kifaa mfukoni. Niliazimwa na mwenzangu wa kitivo cha uhandisi, ambaye mwanafunzi wake anatengeneza kihisi cha kuvaa mkononi kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wa Parkinson. Kwa umbo ni kama saa. Ndani yake mna akselerometa, kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya mchele, ambamo uzito mdogo sana umening'inizwa juu ya vijispringi visivyoonekana kwa macho. Mkono ukisogea, uzito ule unachelewa kidogo kuufuata, na kuchelewa huko hubadilishwa kuwa namba. Ndicho kitu kilekile kinachoifanya simu yako ijue kwamba umeilaza ubavu. Kifaa cha yule mwanafunzi huandika namba hizo mara mia moja kwa sekunde, mchana na usiku, na kazi ya kompyuta ni kutafuta ndani ya mafuriko hayo mtikisiko unaojirudia kwa mpigo wa sawasawa. Mtetemeko wa Parkinson mkono ukiwa umepumzika huenda mara nne hadi sita kwa sekunde. Hatua za mtu anayetembea ni kama mbili kwa sekunde. Hapo ndipo vinapotenganishwa.

Teknolojia hii si ndoto. Australia walishatengeneza kifaa cha mkononi ambacho mgonjwa hukivaa kwa siku kadhaa, kikamkumbusha saa za dawa na kumwandikia daktari wake mkono ulikuwaje katika kila saa ya mchana. Mwaka 2021 watafiti wa Apple walichapisha kazi inayoonyesha kwamba saa zao za kawaida zinaweza kufuatilia mtetemeko wa wagonjwa siku nzima. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, nao wameshirikiana na wenzao wa Kenya na Tanzania kujaribu vifaa vya kuvaa vya kupima mwendo wa wagonjwa wa huku kwetu. Kwa hiyo msidhani nilibeba mwanasesere.

Lakini lazima niungame nia yangu. Sikukibeba kifaa kile kwa sababu ya Parkinson. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya makala kuhusu zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unataja wazi miongoni mwa matendo ya kukomeshwa kuchoma mchanganyiko wa zebaki hadharani, na kuuchoma kwenye makazi ya watu. Nyuma ya jiko la Baba mdogo palikuwa ni hadharani na pia makazini. Nilimtaka mtuhumiwa, nilimtaka mhanga, na nilitaka grafu ya kuweka katikati. Mzee wangu angekuwa kielelezo namba moja.

Nilifika jioni. Baada ya shikamoo na marahaba, chakula na habari za misiba, nikamfunga kile kifaa mkononi. Nilimwambia tu, "Baba mdogo, vaa hii siku mbili, inapima mkono." Akaigeuza geuza. "Mbona haina mishale?" Nikamwambia haionyeshi saa. Akacheka, "Basi ni saa ya kizungu kweli, inajua wakati na haisemi." Hakuuliza zaidi, kwa kuwa mimi ni mtoto wake aliyesoma. Nilimwachia hapo. Mimi ambaye hufundisha wanafunzi wa mwaka wa pili somo la maadili ya utafiti, ambaye huwakatalia mapendekezo yao kwa sababu fomu ya ridhaa imekosa aya moja, sikumwambia namba zile zitakwenda wapi, zitakaa kwa nani, wala kwamba anaweza kukataa.

Niliporudi chuoni tulikaa watatu mbele ya kompyuta: mimi, mwenzangu na mwanafunzi wake. Namba zikageuka milima na mabonde. Mwanafunzi akasisimka ghafla. "Hapa, Daktari! Siku ya pili, saa nne asubuhi, mtetemeko mkali wa dakika ishirini na tano." Nikakumbuka. Saa nne asubuhi ya siku ya pili Baba mdogo alipanda bodaboda kwenda Shelui kununua dawa ya mifugo. Kulikuwa na mlima mwingine wa ajabu mchana wake: alikuwa akikung'uta alizeti. Kijana alinyong'onyea, lakini kosa halikuwa lake peke yake. Programu nyingi za aina hii zimefundishwa kwa mikono ya watu wanaobonyeza kompyuta, wanaopika kwenye jiko la umeme na kuendesha gari kwenye lami. Mikono inayokung'uta, inayotwanga, inayopepeta na kushika usukani wa baiskeli kwenye mawe haijaiona, na mkono usioujua ni rahisi kuuita mgonjwa.

Baada ya kuondoa bodaboda na alizeti, kitu kilibaki. Kila mzee alipokuwa ametulia, chini ya mwembe, kanisani, akisikiliza redio, kulikuwa na kilele kimoja chembamba kwenye mitetemo mitano kwa sekunde. Alipolala kilitoweka. Alipoamka kilirudi.

"Ni zebaki?" niliuliza.

Mwenzangu alinitazama kwa huruma. Akasema kifaa kinahesabu mara ngapi, hakisemi kwa nini.

Hilo ningepaswa kulijua. Mtetemeko wa zebaki kwa kawaida ni mwembamba, huanzia vidoleni, kwenye kope na midomo, na huzidi mtu anapoulenga mkono kwenye kitu. Huja pamoja na mambo mengine: hasira za ghafla, usingizi mbaya, aibu isiyo na sababu, kusahau. Wa Parkinson huanza upande mmoja na huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika. Haya ni maelezo ya kitabuni, na wagonjwa hawakisomi kitabu kabla ya kuugua, kwa hiyo tulikubaliana kwamba mzee apelekwe kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Kusema hivyo ni rahisi. Mabingwa hao nchini ni wachache, na kutoka Sekenke hadi kwa aliye karibu ni safari ya basi na kulala njiani. Kabla ya hapo mzee alikuwa amekwishapita sehemu mbili za karibu. Ya kwanza aliambiwa ni uzee. Ya pili alipewa vidonge vya vitamini na kuulizwa kwa upole kama anakunywa.

Nilidhani bingwa angetoa mashine. Alitoa kiti. Alimtazama Baba mdogo akitembea kutoka mlangoni, akaona kwamba mkono wa kulia haupungi kama wa kushoto. Akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, na sote tukaona jinsi mwendo ulivyopungua mpaka ukakwama. Akauzungusha mkono wake kwenye kifundo, akasikiliza ukaidi wake kwa vidole. Akampa kalamu aandike jina lake: herufi za kwanza zilikuwa za kawaida, za mwisho zilikuwa ndogo kama chungu. Akamwuliza kama bado anasikia harufu ya kahawa. Mama mdogo ndiye aliyejibu kwamba ni miaka sasa mzee hajui chakula kikiungua. Yote yalichukua chini ya nusu saa. James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliandika juu ya watu sita tu, na baadhi yao aliwaona wakipita barabarani. Macho yaliyofundishwa bado ndiyo kihisi cha kwanza.

Jibu lilikuwa Parkinson. Seli zinazotengeneza dopamini sehemu ya ndani ya ubongo zinakufa kidogo kidogo, na dalili zinapojitokeza sehemu kubwa imekwishapotea.

Nikamwuliza daktari kuhusu zebaki. Akauliza mzee aliacha lini kuchoma. Miaka kumi na miwili sasa, nikasema. Akaeleza kwamba zebaki inayovutwa kama mvuke huondoka mwilini zaidi kwa njia ya mkojo, na nusu yake huwa imetoka katika miezi kama miwili. Baada ya miaka kumi na miwili, kipimo cha mkojo kitakuwa kimya. Kwamba zebaki huleta Parkinson, sayansi haijathibitisha. Kwamba mzee huyu aliwahi kudhurika na zebaki pia, hakuna atakayejua tena. "Ungemleta alipokuwa bado anachoma," alisema, bila ubaya.

Ndugu msomaji, nitakwambia kitu ambacho hakinipi sifa. Nilisikitika. Makala yangu ilikuwa imekufa. Mtu wa damu yangu ameambiwa ana ugonjwa usio na tiba ya kuumaliza, nami kwa dakika moja nzima nilikuwa nikiomboleza aya zangu. Sisi wanaharakati wa kalamu tuna maradhi haya: tunampenda mhanga akiwa anathibitisha tulichokwisha kukiandika.

Njiani kurudi, Baba mdogo aliniuliza ugonjwa wenyewe ni wa namna gani. Nikamwambia ndio uliompata Muhammad Ali. Alimkumbuka mara moja, pambano la Kinshasa la 1974, waliposikiliza habari zake redioni. Akafikiri mpaka tukapita Misigiri. "Yeye alipigwa ngumi," akasema. "Mimi nimepigana na nani?"

Sikumjibu, na sasa naona lile swali ndilo lililostahili makala yote.

Dawa yenyewe ni ya zamani na si siri ya mtu: levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, ikichanganywa na kabidopa ili isiishie njiani. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ubongo wa binadamu na mmea wa porini wana mzaha wao, kwani upupu, huuhuu unaowawasha watoto wanaopita vichakani, mbegu zake zina levodopa nyingi, na watafiti wameujaribu kwa wagonjwa wasiomudu vidonge. Msiende kuuchemsha, tafadhali. Kipimo chake hakitabiriki na nisingependa makala hii iwe chanzo cha msiba.

Kidonge cha kwanza kilimfanya Baba mdogo afunge vifungo vya shati lake mwenyewe. Mama mdogo alitoka nje akalia peke yake nyuma ya jiko, palepale pa mkaa. Halafu ikaja hesabu. Vidonge vitatu kwa siku, kila siku, maisha yote, vinavyonunuliwa kwenye duka la dawa mjini kwa sababu karibu na kijiji havipo. Mwezi wa tatu duka lile nalo likaishiwa. Mzee, bila kumwambia mtu, akaanza kukata vidonge nusu ili visogee. Kuikatisha dawa hii ghafla ni hatari, na kuipunguza kienyeji ni kumrudisha mtu kwenye kiti karibu na mlango wa kanisa. Siku nilipojua nilikuwa kwenye semina, nikisikiliza mada kuhusu mapinduzi ya kidijitali katika sekta ya afya.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kihisi kile kwa jicho jingine, wala si la dharau. Tatizo la levodopa ni kwamba kadiri miaka inavyokwenda hufanya kazi kwa saa chache zaidi. Mgonjwa huwa mzima, kisha dawa inamwishia, anakakamaa, anasubiri kidonge kinachofuata. Daktari anayemwona mara mbili kwa mwaka humkuta katika saa moja tu, tena saa mbaya, kwa kuwa hofu ya koti jeupe huongeza mtetemeko. Kumpangia mtu dawa kwa kumwona hivyo ni kama kuijua mvua ya mwaka mzima kwa kuchungulia dirishani Jumatatu moja. Kifaa kinachokaa mkononi nyumbani, wiki nzima, kinamwona mtu mzima.

Ila Baba mdogo anacho kifaa hicho tayari, naye ni Mama mdogo. Kila asubuhi humjazia kikombe cha chai mpaka mstari uleule, akatazama baadaye ni kiasi gani kimemwagika kwenye kisahani. Kwa saa za mchana hutumia mabasi. Tuliporudi kwa daktari alimwambia hivi: "Dawa ya asubuhi inamwishia kabla mabasi ya Mwanza hayajapanda mlima. Na siku akinywa maziwa na ugali haifiki hata hapo." Daktari aliacha kuandika, akamtazama. Chakula chenye protini nyingi hushindana na levodopa kuingia mwilini. Ilikuwa imetajwa kwa haraka kwenye maelezo ya kwanza, mama aliigundua mwenyewe kwa kisahani. Saa za dawa zikabadilishwa siku hiyo, kidonge kikasogezwa nusu saa kabla ya chakula. Grafu yetu ya siku mbili ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa.

Sasa niseme ninachotaka kusema kwa watumishi wa umma mnaonisoma, hasa ninyi wa afya na madini, ambao najua mnanisoma kwa simu chini ya meza za vikao. Kihisi ni swali. Anayeuliza swali lazima awe na mahali pa kuliweka jibu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,071, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Hakukuwa na saa ya kisasa pale. Kulikuwa na watu waliofundishwa maswali machache, kisha daktari. Leo mradi mpana unaoitwa TraPCAf unachunguza ugonjwa huu katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo, na naufurahia. Lakini tabibu wa zahanati aliye hatua chache kutoka nyumbani kwa mgonjwa, je, amefundishwa kumwambia mtu agonganishe vidole? Ni mafunzo ya mchana mmoja. Na akishamtambua, amwandikie nini, kama kidonge kiko mji mwingine?

Nanyi wa madini: ushahidi wa zebaki una umri mfupi. Huko Rwamagasa, Geita, wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliwapima wachimbaji mwaka 2003 na kukuta takribani robo ya wachomaji wana dalili za sumu ya zebaki. Walijua kwa sababu walipima watu wakiwa bado kazini. Mchomaji wa Sekenke anayepimwa mkojo leo ana jibu. Anayepimwa akistaafu hana. Ukikawia, unamfutia mtu ushahidi wake kwa maji yake mwenyewe. Kwenye hili kihisi kingesaidia kweli, kikivaliwa na vijana ambao mikono yao bado haijawaaibisha kanisani, kikiambatana na kipimo cha maabara na chombo cha kuchomea kilichofungwa, chenye bomba la kuurudisha mvuke. Bila hivyo viwili, tutakuwa tunawaandikia tu historia ya kuharibika kwao, kwa usahihi wa mara mia moja kwa sekunde.

Wanafunzi wangu wataniuliza kuhusu zile namba. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtetemeko wa mtu ni taarifa binafsi kuliko namba yake ya simu. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani nilimweleza Baba mdogo kila kitu nilichopaswa kumweleza Desemba: kwamba namba zake ziko kwenye kompyuta ya mwenzangu, kwamba mwanafunzi angependa kuzitumia kuifundisha programu yake itofautishe bodaboda na ugonjwa, kwamba anaweza kusema zifutwe. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema kwanza anataka kuziona.

Nikampa karatasi niliyokuwa nimeichapa. Alivaa miwani, akaufuata mstari kwa kidole cha mkono wa kushoto, akaniuliza kila kilima ni nini. Kwenye alizeti alicheka. Kwenye kile kilele chembamba alikaa kimya. Halafu akasema namba zitumike, lakini jina lisiandikwe, na huyo kijana akimaliza masomo aje aone alizeti inavyokung'utwa. Karatasi ameitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo, pamoja na kadi ya hospitali.

Jioni hiyo alikuja jirani, kijana wa miaka kama ishirini na sita, aliyekuwa amesikia kwamba nina saa inayosoma mikono. Yeye ndiye mchomaji siku hizi. Sikuwa nayo, nilikuwa nimekwishairudisha chuoni. Nilimwambia anyooshe mikono mbele, vidole vimeachana, nikaweka karatasi nyepesi juu yake kama nilivyomwona daktari akifanya, nikasogeza taa. Karatasi ilikuwa ikitikisika pembeni. Inaweza kuwa uchovu, inaweza kuwa kahawa, mimi si daktari wa namna hiyo. Nilimwuliza anachoma mara ngapi kwa wiki.

"Inategemea, kaka," alisema, "na duara limetoa nini."

Nilikuwa naanza kumweleza juu ya kipimo cha mkojo, na mahali pa karibu ninapopajua kinapofanyika, ambapo ni mbali, simu yake ilipolia. Mteja alikuwa amefika na mzigo. Akaniomba namba yangu, akaiandika kwa shida kidogo, akaaga.